Asidi kwa Mizani, Asidi Bila Mizani

Zabibu nyekundu zikianza kuingia kiwandani mwezi wa Februari, kila mkulima anayeshusha kreti zake huuliza sukari imefika ngapi. Ni swali la haki. Amelibeba kutoka shambani kwake Hombolo au Mpunguzi, na jasho la miezi limo ndani yake. Swali langu mimi ni jingine, na pale mlangoni mara nyingi ni mimi peke yangu ninayeliuliza: asidi imebaki kiasi gani?

Mimi ni fundi wa maabara katika kiwanda kidogo cha mvinyo hapa Dodoma. Nachota mchuzi wa zabibu, maana huku ndivyo tunavyouita, nauchuja, nauonja, kisha natumbukiza ncha ya kifaa cha kupima pH. Kikisoma 3.4 nashusha pumzi. Kikisoma 3.9 najua kwamba kabla ya jioni nitafungua mfuko wa unga mweupe, nitaupima kwa mizani na kuutia kwenye tangi. Unga ule ni asidi ya tartari.

Wageni wanaotutembelea hushtuka. Tindikali wameizoea kwenye maji ya betri na kwenye habari za watu waliomwagiwa usoni. Mama mmoja aliniuliza, "Dada, yaani mnatia tindikali kwenye kitu cha kunywa?" Nikamjibu ndiyo, mama, tunatia, kisha nikamwonjesha mvinyo wa matangi mawili bila kumwambia upi umetiwa na upi bado. Alichagua uliotiwa. Mvinyo wenye asidi haba ni kama mchuzi wa nazi usiokamuliwa ndimu: unajaa mdomoni, mzito, na ulimi hauna pa kushika.

Kipimo cha pH kilibuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen, mkemia wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg, watengeneza bia wa Copenhagen. Kinahesabu ioni za haidrojeni, zile chembe zinazoifanya asidi iwe asidi. Kinakwenda kinyume: namba ikishuka, asidi imepanda. Maji safi kabisa husoma 7. Maji ya ndimu hukaa karibu na 2. Maji ya bahari yako juu kidogo ya 8, upande wa alkali. Na kila namba moja ni mara kumi. Hapo kwenye mara kumi ndipo wengi tunapoachwa tunaposoma habari za mazingira. Kushuka kutoka 3.9 hadi 3.6 kunaonekana jambo dogo, kumbe ioni za haidrojeni zimekuwa maradufu. Tunaposema kitu kinaongezeka asidi, tunataja mwelekeo: kinateremka kwenye kipimo hicho, popote kilipoanzia. Si lazima kiwe kimefika kwenye ukali wa ndimu.

Sasa kwa nini zabibu za Dodoma zipungukiwe asidi? Tunda hili lina asidi kubwa mbili, ya tartari na ya maliki. Hii ya pili ndiyo inayolifanya tofaa bichi liwe kali. Zabibu changa hukukunja uso. Ikianza kuiva, majani huijaza sukari, na wakati huohuo tunda lenyewe huiteketeza asidi ya maliki katika kupumua kwake. Joto likizidi, uteketezaji huo hukimbia. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na usiku wake una ubaridi wa kupendeza, lakini mchana jua halina huruma. Potasi nayo hupanda kutoka udongoni mpaka kwenye tunda na kuifunga sehemu ya asidi ya tartari. Tunapata zabibu tamu sana, zenye pH ya juu.

Mizabibu ililetwa na wamisionari wa Kikatoliki walioipanda Bihawana miaka ya 1950. Kwao Ulaya mmea huu huvunwa mara moja kwa mwaka. Hapa ukipogolewa kwa mpango huzaa mara mbili, mavuno ya Februari na Machi, na mengine ya Agosti na Septemba. Ni baraka kubwa, na wakulima wetu wanastahili kusifiwa kwa namna walivyoimudu. Miongoni mwa zabibu nyeupe tuna Chenin Blanc, yenye asili ya bonde la mto Loire huko Ufaransa, ambayo huitunza asidi yake hata kwenye joto. Nyekundu ndizo zinazonipa kazi.

Ladha ni sababu ya kwanza ya kuongeza asidi, lakini si kubwa kuliko zote. Karibu kila mtengeneza mvinyo hutumia salfa dayoksaidi kidogo ili kuzuia bakteria na kulinda rangi. Salfa hiyo huitegemea asidi ili ifanye kazi. Kwenye pH ya 3.0, takriban asilimia 6 ya salfa iliyo huru huwa katika umbo linaloua vijidudu, kwenye 3.5 ni asilimia 2 tu. Kwa hiyo aliyeiacha pH ipande atahitaji salfa mara tatu kuulinda mvinyo uleule. Mimi naona ni heri gramu mbili za asidi ya zabibu kuliko salfa ya ziada inayomkereketa mnywaji kooni. Rangi nayo ina lake: wekundu wa zabibu hung'aa penye asidi, na asidi ikipungua hugeuka zambarau iliyofubaa.

Kwa kawaida gramu 1 ya asidi ya tartari kwa lita hushusha pH kwa takriban 0.1. Takriban tu, kwa sababu kila mchuzi una ukaidi wake. Chumvi zilizomo humeza sehemu ya asidi unayotia. Tangi la lita 5,000 likihitaji gramu 2 kwa lita, ni kilo 10 za unga, na mtu mwenye haraka angezimwaga zote kwa mara moja. Sisi hujaribu kwanza kwenye chupa ya lita moja. Kisha nusu ya kiasi huingia kwenye tangi, kabla mchuzi haujaanza kuchachuka, kwa sababu asidi iliyotiwa mapema huungana na mvinyo, na iliyotiwa mwishoni ulimi huitambua kuwa ni mgeni. Tunakoroga, tunasubiri, napima, naonja, namwita msimamizi naye aonje. Mara nyingi nusu ya pili hupunguzwa, na siku nyingine haitiwi kabisa. Ikitokea tumezidisha, tangi lipo palepale mbele yetu na dawa yake ipo.

Sehemu ya asidi hiyo huanguka yenyewe baadaye tangi likipozwa, ikawa fuwele ngumu zinazong'ang'ania ukutani. Kutoka kwenye fuwele za namna hiyo Carl Wilhelm Scheele wa Sweden aliitenga asidi ya tartari mwaka 1769. Mwaka 1848 Louis Pasteur alizikagua chumvi zake kwa hadubini, akabaini kwamba kuna fuwele za mkono wa kulia na za mkono wa kushoto, na kemia haikurudi ilivyokuwa. Mpaka leo asidi hii hutengenezwa kwa mashapo na fuwele zinazobaki viwandani Ulaya baada ya mvinyo kutolewa. Ni asidi ya zabibu inayorudishwa kwenye zabibu, na hilo ndilo humtuliza mgeni kuliko maelezo yangu mengine yote.

Wala si hila ya Dodoma. Australia, California na Afrika Kusini huifanya kila msimu. Kule Jerez, Hispania, watengeneza mvinyo wa sheri walikuwa wakinyunyizia zabibu zao jasi kwa lengo hilohilo. Umoja wa Ulaya umeyagawa mashamba yake kwa kanda: kusini kwenye joto kuongeza asidi kunaruhusiwa kwa kiwango kilichowekwa, kaskazini kwenye baridi kwa kawaida hakuruhusiwi kwa kuwa asidi huwa tele. Mwaka 2003, joto kali lilipoiunguza Ulaya, ilibidi itolewe ruhusa maalumu hata kwa baadhi ya maeneo ambayo hayakuwa nayo. Ruhusa ile ilinifundisha mengi kuhusu joto la dunia kuliko picha nyingi za barafu inayoyeyuka.

Nimekaa sana kwenye mizani, na nimekusudia. Asidi zote nitakazozitaja kuanzia hapa zimetiwa bila kupimwa na aliyezitia.

Ya mvua inajulikana, nitaipita upesi. Robert Angus Smith, mkemia aliyefanya kazi Manchester, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1872. Makaa ya mawe yalikuwa yakitoa salfa dayoksaidi, gesi ileile ninayoihesabu kwa miligramu, na angani ikikutana na maji huishia kuwa asidi ya salfa. Karne moja baadaye maziwa mengi ya Sweden na Norway yalikuwa yamepoteza samaki kwa moshi ambao sehemu yake kubwa ulitoka nchi nyingine. Ukaja mkataba wa Geneva wa 1979, ikaja sheria ya Marekani ya 1990, viwanda vikafungiwa mitambo ya kuondoa salfa kwenye moshi, na Sweden ikamwaga chokaa kwenye maziwa yake kwa miongo. Ile asidi ilipungua. Ilikuwa na bomba la moshi, na bomba lilikuwa na mwenyewe.

Ya udongo iko karibu zaidi nasi. Mama mkwe wangu analima mahindi na kahawa Mbozi, kwenye udongo mwekundu ambao mvua imekuwa ikiuosha kalsiamu na magnesi tangu kale. Juu ya hapo umewekewa mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia, miaka mingi. Bakteria wa udongoni wanapoigeuza amonia ya mbolea hiyo kuwa naitreti, huachia ioni za haidrojeni; mvua ikiiosha naitreti kabla mahindi hayajaila, asidi hubaki. Rothamsted, Uingereza, kuna majaribio ya mbolea kwenye konde la majani yaliyoanza mwaka 1856, na vipande vilivyopewa salfeti ya amonia bila chokaa vimeshuka chini ya pH 4. Udongo ukishuka chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imejifungia ndani yake huanza kuyeyuka. Ncha za mizizi hudumaa. Fosforasi hushikwa na udongo, na mmea unaikosa ilhali ipo.

Mama alikuwa akiongeza mbolea kila mahindi yalipofifia. "Mwanangu, ardhi hii ina njaa," alikuwa akisema. Nilimwomba udongo kidogo kutoka kona kadhaa za shamba, nikaupima kwa kifaa changu cha mvinyo baada ya kukisafisha. Ukasoma chini ya 5. Nikamwambia, "Mama, hapa mbolea peke yake haitafika popote. Tutafute chokaa ya kilimo kwanza." Akaniuliza kama ni ile ya kupaka nyumba. Si ile, ingawa ni jamaa yake: hii ni jiwe la chokaa lililosagwa, kalsiamu kaboneti tupu, nayo huzila ioni za haidrojeni na kuachia kalsiamu. Naona uchungu kwamba duka la pembejeo lililo karibu naye lina aina nyingi za mbolea na halina mtu wa kumwambia mkulima apime udongo kabla ya kununua. Mbolea ile si adui. Imetumika bila kipimo.

Kalsiamu kaboneti hiyohiyo ndiyo inayonipeleka pwani, kwa kuwa ndiyo ganda la chaza, ndiyo tumbawe, ndiyo nyumba za mawe za Unguja zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa iliyochomwa kwa matumbawe.

Shangazi yangu anaishi Kigombe, kusini mwa mji wa Tanga. Maji yakikupwa, hasa siku za bamvua, huteremka mwambani kuokota chaza na tondo na kutafuta pweza. Nilipomwamkia mara ya mwisho hakunipa nafasi ya kukaa. "Marahaba mwanangu. Si wewe unayetia asidi kwenye mvinyo? Redioni wanasema na bahari imetiwa. Nani kaitia?"

Sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo. Nilimweleza kwamba hewa ya ukaa inayotoka kwenye makaa ya mawe, mafuta, viwanda vya saruji na misitu inayochomwa haibaki yote angani. Takriban robo yake huingia baharini. Kabla ya enzi za viwanda, katika kila sehemu milioni za hewa 280 zilikuwa ukaa. Sasa ni zaidi ya 420. Ukaa ukiyeyuka kwenye maji huwa asidi ya kaboniki, asidi dhaifu iliyomo kwenye chupa ya soda, nayo huachia ioni za haidrojeni. Wastani wa pH ya maji ya juu ya bahari umeshuka kutoka karibu 8.2 hadi karibu 8.1. Msomaji sasa anaijua hesabu ya mara kumi: huko ni kuongezeka kwa ioni za haidrojeni kwa zaidi ya robo. Maji bado ni ya alkali. Ulimi hauioni tofauti, na hakuna samaki anayeungua.

Madhara hupitia kwenye chokaa. Chaza, tondo na matumbawe hujenga kwa kuunganisha kalsiamu na kaboneti iliyomo majini. Ioni za haidrojeni zilizoongezeka huikamata kaboneti hiyo mapema na kuigeuza kuwa baikaboneti, ambayo haijengi ganda kwa urahisi ule. Kiumbe huendelea kujenga, ila kwa nguvu zaidi, na kichanga ndiye anayeumia kwanza.

Hilo lilionekana wazi kwenye kituo cha kuzalishia chaza cha Whiskey Creek, pwani ya Oregon, Marekani. Kuanzia mwaka 2007 vichanga vya chaza vilikufa kwa wingi na wenye kituo wakahangaika kutafuta ugonjwa. Hatimaye walipima maji. Pepo za kule zikivuma kwa namna fulani, maji ya kina kirefu yaliyojaa ukaa hupanda mpaka ufukweni na kuingia kwenye mabomba ya kituo. Kichanga cha chaza kinatakiwa kujenga ganda lake la kwanza katika siku mbili hivi za mwanzo, kwa akiba iliyotoka kwenye yai, na kwenye maji yale akiba iliisha kabla ganda halijakamilika. Dawa waliyoipata ni kupima maji kila wakati na kuyatia sodiamu kaboneti, jamii ya magadi yanayochimbwa Ziwa Magadi nchini Kenya. Uzalishaji ukarudi.

Shangazi alilishika hapohapo. "Basi na sisi si tumwage magadi?" Nikamwambia, shangazi, wale walikuwa na matangi. Walifanya ninavyofanya mimi: maji yaliyo ndani ya kuta, kiasi kinachojulikana, mtu mwenye mizani. Bahari ya Hindi haina pa kusimama na mwiko. Maumbile yenyewe huirekebisha bahari, kwa mawe ya nchi kavu kumomonyoka na kupeleka alkali majini, lakini kazi hiyo ni ya maelfu ya miaka, na sisi tumeitia asidi kwa muda wa vizazi vichache.

Haki inataka niseme pia kwamba matumbawe yaliyopauka na kufa pwani yetu mwaka 1998 yaliuawa na joto la maji. Asidi si mshtakiwa wa kila jambo. Inaingia baadaye, pale mwamba unapotaka kujijenga upya na malighafi imekuwa adimu.

Jambo lililonikaa moyoni tangu maongezi yale ni kwamba joto linaloziondolea asidi zabibu za Dodoma linazidishwa na hewa ileile inayoiongezea asidi bahari ya Kigombe. Mchana nafungua mfuko wa unga kurudisha kilichopungua huku bara, na upande wa pili wa nchi shangazi anaokota maganda kwenye maji yaliyozidishiwa. Hewa moja imepora huku na kumwaga kule. Na Afrika nzima hutoa takriban asilimia 4 tu ya ukaa unaotokana na viwanda na mafuta duniani, kwa hiyo yule aliyetia hakai Kigombe, wala Mbozi, wala kwetu. Naliona hilo kuwa dhuluma, na sioni sababu ya kulitafutia neno laini.

Kupima bahari nako si kazi ya kifaa changu. Kwenye mvinyo nikikosea kwa 0.02 hakuna kitakachoharibika. Bahari imekuwa ikishuka kwa kiasi hichohicho, karibu 0.02, kwa kila muongo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kifaa kama changu kingekaa majini miaka kumi na kisione kitu. Wanasayansi hutia rangi maalumu kwenye maji na kusoma kwa mwanga inavyogeuka. Karibu na Hawaii kuna kituo kinachopimwa tangu 1988, na bila rekodi ndefu za namna hiyo tungekuwa bado tunabishana. Pwani ya Afrika Mashariki inazihitaji za kwake, za miaka na miaka, si za mradi unaofungwa wafadhili wakiondoka.

Yapo ya karibu yanayofanyika. Watafiti waliofanya kazi Ghuba ya Chwaka, Unguja, walichapisha mwaka 2009 matokeo yanayoonyesha kwamba nyasi za baharini, zinapotumia ukaa mchana katika kujitengenezea chakula, huipandisha pH ya maji yanayozizunguka, na mwani wa chokaa ulio kati yake hujenga haraka zaidi. Ni nafuu ya mchana na ya mahali, kwa maana usiku nyasi hupumua na ukaa hurudi. Hata hivyo ni nafuu, na mahali palipo na nyasi hizo ndipo panapokuwa pia na changu na kaa.

Nilipomwambia hayo shangazi alinyamaza kidogo, kisha akanionyesha kwa mkono upande wa kusini, mahali ambapo majuya ya kukokota yamezing'oa nyasi mpaka pamebaki mchanga mtupu. "Huo ukaa wa wazungu sina pa kuushika," akasema. "Majuya yana wenyewe, na nawajua kwa majina. Alhamisi kuna kikao cha kijiji. Utanisindikiza, uwaeleze hiyo hesabu yako ya mara kumi."